Sukari ya Mwalimu Taratibu

Wateja walimwita Sponji, naye aliitika. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye mikono mipana na sauti ya chini, na nywele ambazo hazikukosa chembe za sponji hata siku za sikukuu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake. Ndani mlinuka gundi na mbao mbichi, na makochi yaliyovuliwa vitambaa yalisimamishwa kwa ubavu ukutani, mbavu nje. Ukimletea kochi lililobonyea, hakulitazama kwanza. Alilikalia, akafumba macho, akasikiliza ni springi ipi inayolia. Wanaume waliofika wakiuliza fundi mwenyewe yuko wapi waliondoka wakiwa wameagiza na viti vya kulia chakula.

Baba yake alijulikana kuliko yeye. Alikuwa mwalimu wa udereva, na karibu kila aliyeshika usukani katika mji ule alikuwa amepita mikononi mwake. Walimwita Mwalimu Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Mwanafunzi akikwaruza ukingo wa barabara, alisema taratibu. Akizimikiwa na gari katikati ya njia panda, honi zikilia nyuma, alisema taratibu vilevile, kama mtu aliyekaa barazani kwake anakunywa chai. Shati lake lilipigwa pasi kila asubuhi. Kulikuwa na watu wazima wenye vyeo vyao ambao wakimwona anatembea pembeni mwa barabara walikuwa bado wanakurupuka na kushika usukani kwa mikono miwili.

Pombe nayo ilimwingia kwa mwendo huohuo wake. Mwanzoni ilikuwa ya mwisho wa wiki, pamoja na marafiki, kwa vicheko. Baadaye ikawa ya kila jioni, kisha ikawa ya peke yake, na mwishowe ikawa ya asubuhi, kidogo tu, ili mikono itulie iweze kushika kikombe. Alitafuna karafuu kutwa nzima. Mwenye shule ya udereva, ambaye naye alikuwa amefundishwa na yeye, alimwita ofisini siku moja, akafunga mlango, akamshauri apumzike. Sababu hakuitaja, kwa heshima. Nyumbani walisema mwalimu amestaafu. Mama yake Sponji aliwaambia majirani hivyo huku akipanga vikombe kabatini, amewapa mgongo, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Sponji alijua. Alijua kwa jinsi baba yake alivyokuwa akiweka mguu kwenye kizingiti, kwa uangalifu mno, kama mtu anayepima kina cha maji. Lakini kujua ni jambo moja na kulitamka ni jingine. Yeye alikuwa ndiye binti pekee, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, na baba yake alikuwa amempokea bila neno hata moja la lawama, akamtolea chumba cha mbele afanyie kazi. Angeanzia wapi kumwambia mtu kama huyo kwamba ni mlevi?

Uongo ulizaliwa harusini. Binti wa jirani mmoja alikuwa anaolewa, na Mwalimu Taratibu akaombwa asimame awape maharusi nasaha. Alisimama, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, kisha akaenda upande kama mti uliokatwa, akaanguka na meza na glasi zake zote. Muziki ulikuwa umezimwa ili asikike, kwa hiyo kishindo kilisikika hadi jikoni. Sponji alikuwa wa kwanza kumfikia. Alipoinua uso aliona macho ya ukumbi mzima, na mtu fulani nyuma alikuwa ameshaanza kucheka. Mdomo wake ukasema kabla akili haijafika.

"Ni sukari. Sukari imemshuka."

Watu wakapisha. Mmoja alileta maji ya matunda, mwingine akamvua mzee viatu, na yule aliyecheka akajiziba mdomo, uso umemshuka. Baadaye hilo ndilo lililomkera Sponji kuliko kuanguka kwenyewe: kwamba mtu mwema alijionea haya kwa kudhani jambo ambalo lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamjua Mwalimu Taratibu kuwa mgonjwa wa sukari. Akipepesuka, watu walimshika mkono. Akisinzia mkutanoni, waliteremsha sauti. Na hakuna aliyemhurumia kama Mama Pacha, jirani wa ukuta wa pili, mjane aliyeuguza mume mwenye sukari mpaka siku ya mwisho na aliyeijua sukari kama anavyoijua njia ya sokoni. Alikuja kila asubuhi na jagi la majani machungu aliyoyachemsha mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka Mwalimu amalize kikombe. Mwalimu alikunywa bila kukunja uso. Ukweli ni kwamba koo lake lilikuwa limezoea makali zaidi.

Mama Pacha hakuishia hapo. Alileta kipimo cha sukari cha marehemu mumewe, kimefungwa ndani ya kitambaa safi, akamfundisha Sponji jinsi ya kutoboa kidole na kusoma namba. Alisema hakutaka kukitoa kwa mtu yeyote, ila kwa mwalimu aliyemfundisha mumewe gari, sawa. Walimpima palepale. Namba ikatoka nzuri kabisa, namba ya mtu mzima wa afya. Sponji alihisi jasho la mgongo. Lakini Mama Pacha alipiga makofi kwa furaha akasema, mnaona majani yangu. Mwalimu akatazama dirishani, na mama yake Sponji akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Sponji alikiweka kile kipimo kwenye droo ya chini, chini ya mikasi. Kila alipofungua droo kutafuta uzi aliona pembe ya kile kitambaa, na kila mara masikio yalimwaka.

Halafu kukawa na jambo la kochi. Kochi la sebuleni alikuwa amelitengeneza yeye, zawadi kwa wazazi wake, na hakukuwa na kazi aliyojivunia kama hiyo. Siku moja mama yake alilalamika kwamba linagongagonga mtu akikaa. Mwalimu alikuwa ametoka. Sponji akalipindua miguu juu. Kitambaa cheusi cha chini kilikuwa kimechanwa kwa wembe, kisha kikashonwa kwa mkono, mishono mirefu iliyokwenda kombo, ya mtu ambaye vidole vinamtetemeka. Uzi ulikuwa wake. Na pale pembeni, imechomekwa kwenye mbao, ilikuwepo sindano yake iliyopinda ambayo alikuwa ameitafuta kwa wiki nzima na kumsingizia mteja.

Alifumua. Ndani, katikati ya springi, zilikuwa zimepangwa chupa bapa za pombe kali, kila moja imeviringishwa fulana kuukuu isigonge mwenzake. Fulana moja ilikuwa imefunguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikigonga.

Alikaa sakafuni. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, taulo la jikoni mkononi, wala hakuonyesha kushangaa.

"Rudishia, mwanangu," alisema. "Akikuta hazipo atatoka kwenda kutafuta nyingine, na watu watamwona."

Naye Sponji akarudishia. Akaifunga vizuri ile fulana iliyofunguka, akaipanga chupa mahali pake, akashona. Alishona kwa mishono midogo iliyonyooka, jinsi anavyoshona kazi za watu, kwa sababu mikono yake haikujua kushona vibaya. Katika maisha yake aliwahi kuharibu kazi, na aliwahi kugombana na wateja. Lakini hakuna mshono alioufanya akauonea aibu kama ule, na ulikuwa mzuri kuliko yote.

Uzuri huohuo ndio uliomwambia Mwalimu. Alipokwenda kutafuta chupa yake alikuta kochi limeshonwa kifundi, akaelewa kwamba binti yake ameona, na kwamba baada ya kuona amemsaidia kuficha.  Kwa siku kadhaa baba na binti walipishana kwenye ujia wa nyumba wakiangalia sakafu. Kisha asubuhi moja, akiwa mezani, bila kuulizwa, Mwalimu alisema, "Nimeacha." Chupa zilikuwa zimemwagwa bafuni. Harufu ilikuwa bado imejaa ujiani.

Sponji alifurahi hadi akashindwa kumeza mkate. Alidhani mambo yameisha, tena bila mtu kuambiwa, na hilo ndilo hasa lililomfurahisha. Kesho yake baba yake alitetemeka mwili mzima, akatokwa na jasho, akawa anapangusa mikono yake mara kwa mara kama ana wadudu. Sponji aliona ni jitihada. Alimfunika blanketi, akapakia viti vya mteja kwenye gari la kukodi, akaenda kuvipeleka.

Alikuwa kwa mteja, anabana skrubu ya mwisho, simu ilipoita. Mama yake alikuwa analia na maneno hayaeleweki. Mwalimu alikuwa ametoka uani kupunga hewa, mwili ukakakamaa ghafla, akaanguka, akaanza kutupa mikono na miguu, macho yamegeuka. Mama Pacha, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili, aliruka ukuta mdogo na kukimbilia. Mama huyo aliijua kazi yake. Sukari ikishuka, mtu anapewa kitu kitamu upesi. Akamshika taya, akamtia asali mdomoni, kijiko kwa kijiko. Asali ikaingia njia isiyo yake. Mwalimu akapaliwa, akawa wa bluu midomoni, na ilibidi kijana mmoja wa duka la milango lililokuwa jirani amgeuze ubavu na kumpiga mgongo ndipo pumzi ikarudi, nusunusu.

Sponji alipofika hospitali, ujia wa chumba cha dharura ulikuwa umejaa majirani. Mama Pacha alikuwa bado ameshika chupa ya asali. Daktari, mwanamke mdogo aliyeonekana hajakaa tangu asubuhi, alitoka na karatasi mkononi akauliza ni nani anayeishi na mgonjwa. Alisema amefanya kipimo cha sukari mara mbili na hakuna kasoro, na kwamba anahitaji kujua ni dawa gani za sukari anazotumia mzee na tangu lini, kwa sababu picha anayoiona haiungani.

Sponji alimwomba wasogee pembeni. Daktari akasema hana muda wa pembeni, mgonjwa anaweza kushikwa tena sasa hivi.

 Sponji alitazama sakafu, ile sakafu ya hospitali yenye mistari ya rangi ya kuelekeza watu, akatamani mmoja wa mistari ile umpeleke nje. Mama yake alimbana kiganja, na hakuelewa kama ni kumwambia sema au kumwambia nyamaza.

"Hana sukari," alisema. "Hajawahi kuwa nayo. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Baba anakunywa pombe, kila siku, kwa miaka. Jana ameacha ghafla."

Daktari hakuguna wala kutikisa kichwa. Aligeuka palepale akaingia ndani, akawapa wauguzi maagizo. Baadaye alieleza kwamba mwili uliozoea pombe kiasi hicho ukinyimwa kwa mkupuo unaweza kushikwa namna ya kifafa, kwamba ni jambo la hatari, kwamba watu hufa, na kwamba kuna dawa za kuuvusha mwili salama kama mtu anaachishwa mikononi mwa wataalamu. Alieleza pia kwamba kilichokuwa kinamsumbua mzee sasa si pombe peke yake. Kifua kilikuwa kimechafuka kwa asali.

Ujiani majirani waliondoka mmojammoja, wakiaga kwa sauti za chini. Mama Pacha aliondoka bila kuaga. Chupa ya asali aliiacha juu ya benchi.

Mwalimu alilazwa wodini mpaka kifua kikasafika. Siku alipopata nguvu ya kuongea, akiwa ameshajua kilichosemwa ujiani, aligeukia ukuta.

"Umenivua nguo mbele za watu," alimwambia binti yake.

 Sponji alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mikono magotini, na kilichomshika kilikuwa aibu ya pande mbili: amedanganya, na ameumbua. Alirekebisha shuka miguuni, akaenda kununua maji.

Daktari aliwaelekeza kwenye kituo cha tiba ya walevi, nje kidogo ya mji. Mwalimu alikataa katakata. Alisema kule ni kwa vijana waliookotwa mitaroni, kwamba yeye amefundisha watu na hawezi kwenda kupangwa mstari wa chakula na wanafunzi wake, kwamba amejifunza na sasa anaweza mwenyewe. Alirudi nyumbani. Haikupita wiki akawa anakunywa tena, na safari hii hakuficha. Chupa ilikaa mezani, karibu na chumvi.

Siku ileile waliyomtoa hospitali, Sponji alikuwa amekwenda kwa Mama Pacha kurudisha kipimo. Alikuwa amepiga moyo konde njiani, amepanga jinsi ya kuomba radhi. Mama Pacha alimkaribisha ndani, akampa kiti, akapokea kile kitambaa na kukiweka mapajani. Hakugomba, na Sponji alitamani angegomba.

"Nilimtia asali mtu aliyekakamaa," alisema. "Mkono wangu huu. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu wewe ulinihakikishia. Ningemuua baba yako, na ningekwenda kaburini nikiamini nilijaribu kumwokoa."

Sponji alisema, "Nisamehe, mama."

"Nenda, mwanangu. Sijafika huko bado."

Tangu hapo hakuja tena na jagi, wala hakuonekana ukutani. Nguo akaanika upande mwingine wa nyumba.

Wiki hiyohiyo, Sponji alikwenda kituoni peke yake. Alijifunika mtandio hadi machoni, akapita mlango wa pembeni kama mwizi. Mshauri aliyempokea alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea, anayesikiliza huku anamenya chungwa. Sponji alitarajia kusutwa. Badala yake aliulizwa maswali, kisha akapewa mambo machache ya kushika. Asimseme mzee akiwa amelewa, wala mbele za watu. Asimwambie anawaaibisha, maana hilo mzee analijua kuliko wote na ndilo linalompeleka kwenye chupa. Amwambie tu aliyoyaona kwa macho, na kile ambacho yeye Sponji hatakifanya tena. Kitanda kipo. Na siku mzee akisema ndiyo, asiambiwe kesho.

Alipokuwa anaaga, mshauri alimuuliza, "Na wewe utaacha lini?"

"Mimi sinywi."

"Sikuulizia kunywa."

Aliyabeba hayo hadi nyumbani. Alisubiri asubuhi ambayo baba yake alikuwa amekunywa ile ya kutuliza mikono tu, akaketi naye mezani. Alimweleza kuhusu kochi, kuhusu ile asubuhi ya kutetemeka aliyomwacha, kuhusu midomo ya bluu. Kisha akamwambia kwamba hatasema tena uongo kwa ajili yake. Mtu akimuuliza, atasema baba anaumwa ulevi na kwamba una tiba.

"Kwa hiyo sasa utanitangaza," Mwalimu alisema.

"Sikutangazi, baba. Nakuomba twende kituoni. Nimeshakwenda, nimepaona. Nitakaa na wewe mpaka waniondoe."

Mwalimu aliinuka, akachukua chupa yake, akaenda chumbani. Lakini hakukataa kwa maneno, na Sponji alilishika hilo kama mtu anavyoshika kamba.

Mama yake ndiye aliyemaliza kazi bila kukusudia. Siku moja wakiwa wanakula, Mwalimu aliuliza, kwa ule utani wake wa zamani, kulikoni siku hizi haletewi majani, au mtaa umeishiwa uchungu. Mama akajibu tu kama mtu anayejibu habari ya hali ya hewa, kwamba Mama Pacha halali. Anajiona muuaji. Mwalimu akauliza muuaji wa nani. Ndipo ikafahamika kwamba hakuna aliyewahi kumweleza habari ya asali. Alikuwa hakumbuki kitu, alidhani kifua kilimkamata kwa kulala chini. Mama akaeleza yote. Mwalimu aliweka kijiko chini na hakukigusa tena.

Asubuhi iliyofuata alioga, akavaa shati lililopigwa pasi, akatoka. Sponji alimwona kupitia dirisha la karakana, anapita taratibu, mkono mmoja unateleza juu ya ukuta. Alisimama mlangoni kwa Mama Pacha, ameshika fremu. Alichokisema, Sponji alikuja kukisikia baadaye sana. Alimwambia Mama Pacha kwamba hana kosa lolote, kwamba aliyempokea kila asubuhi na lile jagi alikuwa mlevi, na alikuwa akinywa majani yake na kuteremshia na pombe. Alisema hivyo akiwa anatetemeka, kwa sababu siku hiyo hakuwa amegusa kitu. Alitaka kwenda akiwa mkavu. Mama Pacha alimwita ndani akae, akakataa.

Alirudi akaingia karakana, mahali ambapo hakuwa ameingia kwa miezi. Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya mbao, akavuta pumzi.

"Wale watu wa kituo wanafungua saa ngapi?"

"Wameshafungua," Sponji alisema, stepla bado mkononi.

"Sikusema leo."

 Sponji aliogopa kwamba akifungua mdomo utatoka uongo mwingine, kwa mazoea tu. Mwalimu alitazama viganja vyake.

"Basi nipe nafasi ninyoe ndevu."

Sponji ndiye aliyeendesha, katika gari dogo la baba yake. Baba yake hakuwa amewahi kukubali kupakiwa na mwanafunzi wake yeyote isipokuwa kazini, na siku hiyo alikaa kiti cha abiria, begi dogo mapajani, mguu wa kulia ukikanyaga sakafu tupu kila walipokaribia gari la mbele. Alimwambia abadili gia mapema. Alimwambia kioo cha pembeni amekiweka cha kujitazama urembo. Walipopita karibu na shule ya udereva alijifanya anatafuta leso. Sponji alimwona, na yeye pia akateremka kidogo kwenye kiti, kisha akajionea haya kwa kuteremka, akanyooka.

Kilichokuwa kinamwogopesha mzee kilimsubiri mlangoni. Muuguzi wa mapokezi alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Taratibu alisita, begi mkononi. "Marahaba. Ulifaulu?"

"Mara ya tatu."

"Ile kona ya kurudi nyuma."

"Hiyohiyo," muuguzi alisema, akamvutia kiti kana kwamba watu kama yeye huja pale kila siku. Na kweli walikuja.

Kisha yakaanza maswali. Muuguzi aliuliza anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho ni jana au leo, na kama amewahi kushikwa na kifafa. Mwalimu akamgeukia binti yake. Ilikuwa kawaida yao. Kwa miaka, watu walipouliza habari zake, Sponji ndiye aliyejibu. Sponji alihisi jibu linampanda kooni, lile laini, lililokatwa pembe zake. Alibana midomo. Alitazama kalenda ukutani, ambayo ilikuwa ya mwaka uliopita. Muuguzi alisubiri. Mzee mmoja aliyekuwa anadeki ujia akaacha kudeki.

Mwalimu akajibu mwenyewe. Alijibu yote, hata yale ambayo Sponji hakuyajua, kama chupa iliyokaa chini ya kiti cha gari la kufundishia, na siku ambayo mwanafunzi ndiye aliyewahi kufunga breki. Sponji alisikia na hakujua aweke wapi uso wake. Alikuwa amedhani amebeba aibu yote ya nyumba ile, kumbe alikuwa amebeba kipande.

Mwalimu alikaa huko mpaka walipomruhusu. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, alitapika, alitukana, alidai arudishwe kwake. Siku za ndugu kutembelea, Sponji na mama yake walikaa naye kwenye mduara wa viti na familia nyingine, kila mtu akisema lake kwa zamu. Mama yake alipofikiwa alilia tu, na zamu ikampita. Sponji alisema habari ya mishono. Hakuna aliyeshtuka. Mwanamke mmoja upande wa pili alisema kwao walificha kwa kusema ni vidonda vya tumbo, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

Mwalimu alipotoka alikuwa amepungua mwili na alikula kama kijana. Mama Pacha alianza tena kuanika nguo upande wa kwao. Salamu zilirudi, jagi halikurudi, na Sponji hakuthubutu kutarajia zaidi. Mpaka leo akisikia sauti yake ukutani hujikuta amekunja shingo.

Miezi ilipita, na mambo hayakunyooka yote. Mchana mmoja Sponji alikuwa anamwonyesha mteja vitambaa, mteja mpya, mtu wa ofisi kubwa, simu ikaita. Alikuwa baba yake. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Nimekunywa," alisema. "Niko kwenye benchi karibu na posta. Njoo unipeleke."

Sponji alisema anakuja. Alikata simu, akasimama na ule mkunjo wa kitambaa begani, na aibu ikampanda usoni, moto uleule wa ukumbi wa harusi. Mteja alikuwa anamtazama. Akauliza kwa adabu kama kuna tatizo nyumbani, kama labda mzee ni mgonjwa.

"Baba yangu ni mlevi," Sponji alisema. "Alikuwa ameacha, leo amekunywa. Nampeleka kituoni. Ukitaka kusubiri subiri, ukitaka kuondoka sitakulaumu."

Mteja alisema atasubiri, akakaa kwenye kochi lililokuwa karibu, akapekua vitambaa. Sponji hakuwa na hakika kama amesema hivyo kwa huruma au kwa kukosa la kusema. Alichukua funguo, akatoka kwenda posta.